Alishuka Kusalimu

Mume wangu alifundisha watu udereva kwa miaka thelathini na moja. Mtaani kila mtu alimwita Mwalimu. Alipostaafu, binti yetu alitulipia matembezi ya wiki moja nchi ya mbali, tukakodi gari dogo jeupe la kuzungukia. Namshukuru Mungu kwa zile siku tatu za kwanza. Tulicheka sana.

Kule usukani uko kushoto na magari yanapita kulia. Kila Mwalimu alipotaka kubadilisha gia, mkono wake uligonga mlango.

"Ungekuwa mwanafunzi wako, ungeshajifelisha," nikamwambia.

"Abiria hazungumzi na dereva, mama."

Siku ya nne, saa sita mchana, jua likiwaka, tulifika kwenye mzunguko wa barabara wenye bustani katikati. Hapakuwa na gari jingine. Mazoea yakamshinda Mwalimu. Akaingia kwa kushoto, kama alivyofundisha watu maisha yake yote.

"Umekosea, Baba."

"Nimeona. Natoka hapo mbele."

Hakutoka. Sijui nieleze vipi. Njia ya kutokea unaiona inakuja, unakata kona, kisha iko nyuma yako, na bustani iko palepale ubavuni. Tulizunguka mara nne tukitaniana. Mara ya tano Mwalimu akapunguza mwendo.

Katikati ya bustani palikuwa na benchi. Tulipoingia lilikuwa tupu. Sasa walikaa watu watatu, wametupa mgongo. Walikuwa wamebanana upande mmoja, wakaacha nafasi ya mtu mmoja.

"Ngoja nikawaulize njia," alisema, akasimamisha gari.

"Waulize ukiwa humu humu."

"Siyo adabu, mama."

Ndivyo alivyokuwa. Hakuwahi kumuuliza mtu njia kupitia dirishani. Siku zote alizima gari, akashuka, akasalimu kwanza, ndipo akauliza.

Nikamshika shati. "Usishuke," nikanong'ona. "Kila mmoja ananing'iniza funguo za gari nyuma ya benchi. Magari yao yako wapi?"

Alinipapasa mkono. "Nasalimu tu, narudi."

Akachomoa funguo. Akashuka. Mlango ukajifunga.

Nikabonyeza kifungo cha mkanda. Haukufunguka. Nikavuta. Nikabonyeza tena. Kioo hakikushuka. Nilimwona akiinama kidogo, akinyoosha mkono. Hakuna aliyegeuka. Akasimama pale, kama mtu anayesikiliza.

Kisha akakaa kwenye ile nafasi.

Nikapiga kioo kwa ngumi. Nikamwita kwa jina la utotoni, jina ambalo mama yake peke yake ndiye aliyebaki kulitumia. Hakugeuka. Nilihesabu migongo minne. Nilipohesabu tena sikujua wake ni upi.

Nikafumba macho. Nikasali kwa sauti. Nilisali mpaka mtu akagonga kioo.

Alikuwa askari wa barabarani. Gari letu lilikuwa limesimama katikati ya njia panda yenye taa, na magari yanapiga honi nyuma yetu. Bustani haikuwepo. Benchi halikuwepo. Askari alifungua mlango, akaufungua mkanda wangu kwa kidole kimoja. Kisha akanionyesha kiti cha dereva, akainua mabega kama anayeuliza yuko wapi.

Walimtafuta siku kumi na saba. Nikarudi nyumbani peke yangu. Tulimwombea bila mwili, na watu wakaondoka mmoja mmoja. Tangu hapo nimemwomba Mungu jambo moja tu: anirudishie mume wangu, akiwa hai au akiwa wa kuzikwa. Nimeomba hivyo kila siku, miezi minane.

Uani kwangu ni mchanga mtupu. Kuna ukuta pande zote, na mlango wa kutokea nje ni mwembamba, mtu mnene hupita kwa ubavu. Jana asubuhi nilitoka kuanika nguo, nikakuta alama za magurudumu. Zilikuwa zimezunguka uani mara nyingi, mstari juu ya mstari. Zilipoishia zilianza nyayo za viatu, zimekuja moja kwa moja hadi mlango wa jikoni. Mlango ule nilikuwa nimeufunga kwa komeo mwenyewe, na nilipoamka komeo lilikuwa mahali pake.

Nyayo za kurudi nimezitafuta tangu jana. Sijaziona.