Mayai Dazeni kwa Watawa wa Klara

Evaristo hakuwa na cheti, hakuwa na baba, hakuwa na koti la Jumapili, wala mtu wa kumpigia simu jioni. Alikuwa na patasi, na mikono iliyoaminiwa kukarabati dari ya kanisa la watawa wa Mtakatifu Klara, mjini Sevilla.

Siku moja, katika msongamano wa soko la Triana, kiwiko chake kilipiga kikapu cha dada mmoja. Machungwa yakatawanyika miguuni mwa watu.

"Kaka, macho umeyaacha nyumbani?"

"Nilikuwa nayo, dada. Gauni lako hilo la kijani limeninyang'anya."

Casilda akacheka. Kazi yake ilikuwa kutembeza wageni katika majengo ya kale, na kwa watawa alipita kila wiki. Tangu hapo, alipowaonyesha wageni nyota za mbao za msonobari zilizofumana darini, yeye alimtazama fundi aliye juu ya jukwaa. Wiki sita simu zao hazikupoa.

Kisha, vigae vya paa vikiwa vimeondolewa, wingu zito likatanda. Mvua moja tu ingeharibu mbao za karne tano. Evaristo akanunua mayai dazeni, akayaweka katika kabati la mbao linalozunguka ukutani, maana watawa wale hawaonekani na watu wa nje.

"Mniombee, Sista, mvua isinyeshe wiki hii."

Casilda alikuwa mlangoni. Akasikia, akageuka, akaenda zake. Siku nne hakupokea simu. Ya tano akapokea.

"Unasemaje, bwana harusi?"

"Harusi ya nani?"

"Usinifanye mtoto! Anayempelekea Klara mayai ni mwenye harusi, anaogopa kulowa. Sevilla nzima inajua!"

"Mama yangu wee! Casilda, niliombea paa!"

"Paa?"

"Njoo uone, mpenzi. Halikuingia hata tone."

Alikuja mbio, viatu mkononi. Dari ilikuwa imekamilika, dhahabu yake ikiwaka juu ya vichwa vyao. "Kumbe mayai yalikuwa ya paa, nami nikadhani ni ya harusi!" alisema Casilda. Nyuma ya ukuta ikasikika sauti ya mtawa mzee:

"Binti, yale ya paa tumeshayala. Ya harusi leteni mengine!"

Evaristo akapiga goti palepale, vumbi la mbao gotini. "Umemsikia Sista. Tuyalete?"

"Tuyalete," alisema Casilda akifuta machozi. "Ila nabeba mimi. Kiwiko chako nakijua."

Jioni ile Evaristo aliandika, kwa mwandiko aliojifunza shule ya usiku, majina mawili, tarehe, na ombi la kufunga ndoa chini ya dari ile. Akafunga bahasha, akaiweka kabatini, akalizungusha.