Shairi la Echata

Tulieni, wenzangu, niwaeleze yaliyoipata nyumba moja ya kijiji cha Ambanoro, mwaka wa pili wa uhuru wa Wamalagasi.

Kila asubuhi Zalifa alichuma maua ya mlangilangi huku akitunga beti kimoyomoyo, na mumewe Soulé akimsifu. Kisha homa ikamchukua binti yao Echata, mtoto wa miaka minne. Nyumbani walizungumza Kimalagasi, lakini msiba huo Zalifa aliutungia shairi kwa Kiswahili cha wazee wake, akaliandika kwenye daftari kwa herufi za Kiarabu.

Soulé alitamani mno sifa ya utunzi, ila beti zilimkataa. Alipokwenda mji wa Mahajanga kuuza vanila, alikuwa amelinakili shairi lile kwa siri. Huko alimkuta tajiri Mohamadi amefiwa na binti yake, Rabiata. Kwenye hitima ya siku ya tatu, Soulé akasoma. Penye jina la Echata alitaja Rabiata, na katika ubeti wa mwisho, mtunzi anapojitaja, alijitaja yeye. Watu walilia. Mohamadi akambakisha kwake hadi siku ya arobaini, asome tena.

Jamani, baba mzazi huyo!

Habari ililetwa na Youssoufa, kaka yake Zalifa, baharia aliyewahi kutumika katika meli za Waingereza. Majirani walimshauri Zalifa anyamaze, kwani cha mke ni cha mume.

"Waingereza wana neno la mtu wa namna hii," Youssoufa alisema. "Humwita plagiarist. Karani wetu wa meli alinieleza asili yake ni Kilatini. Kwa Warumi wa kale, lilikuwa jina la mwizi wa watu, anayeiba hata watoto wa wenzake."

Zalifa alichukua daftari lake. "Basi Warumi walimfahamu shemeji yako. Nipeleke Mahajanga."

Siku ya arobaini alikaa nyuma ya pazia pamoja na wanawake. Soulé alipofika penye jina la mtoto, Zalifa alisimama.

"Baba Echata, uliyemzika Ambanoro anaitwa nani?"

Soulé angeweza kumkana mkewe, kumwita mwehu, na mwenye nyumba angemwamini. Aliikunja karatasi.

"Echata," alisema. "Echata binti yangu. Na mtunzi ni mama yake."

Mohamadi alimwonyesha Soulé mlango atoke. Lakini nyuma ya pazia, mama yake Rabiata alimshika Zalifa mkono.

"Msomee mwanao, dada. Wangu nitamlilia kwa maneno yangu."

MAFUNZO

Kunakili si kosa. Sote tumejifunza kwa kunakili. Kosa ni kufuta jina la mwenye kazi na kuandika lako. Ukichukua maneno ya mtu, mtaje. Usipomtaja, umempokonya mtoto wake. Nawe uliyeibiwa, usinyamaze kwa sababu mwizi unalala naye nyumba moja. Simama umuulize jina la huyo mtoto, mbele ya watu wote.