Kimya Kilichorekodiwa Walikale

Watu walioingia ndani ya ile nyumba walikuwa wawili tu, lakini kwenye kompyuta zilisikika pumzi za watatu.

Kétsia alirudisha sauti nyuma, akasikiliza tena. Ulikuwa mchana kweupe, pale Mweso, nyuma ya duka la Mama Kahambu, jenereta ikinguruma nje. Pumzi yake aliijua. Ya Jérémie, mwenzake aliyeshika maikrofoni, aliijua pia, maana mafua hayamwachi yule kijana. Ya tatu ilikuwa nzito, ya mtu mzima, na ilikuwa karibu na maikrofoni kuliko zote.

"Labda ni upepo," alijiambia. Uongo mtupu, na alijua.

Filamu yao fupi ya shule ilikuwa imerudishwa na mwalimu wao, Papa Raphaël. Montaji, yaani kuunganisha picha, ni nzuri, alisema, ila sauti ina mashimo, kila picha inapokatwa sauti nayo inakatika. Akawafundisha kuziba mashimo kwa kimya: chukueni dakika moja iliyorekodiwa palepale bila mtu kusema neno, muitandaze chini ya maneno yote. Dakika hiyo walikuwa nayo. Waliirekodi Walikale kabla vita havijafunga barabara, katika nyumba ya mwindaji aliyeuawa pamoja na watu wake. Kétsia aliitandaza mwanzo hadi mwisho wa filamu, akajiona fundi.

Siku ya pili sauti ya Jérémie ilianza kufifia ndani ya filamu. Siku ya tatu ikafifia kooni mwake.

"Kétsia," alinong'ona, "iko muntu ananifinya koo."

Siku ya nne alikuwa anafungua mdomo tu, macho yamemtoka, na kinywani mwake mkatoka harufu ya nyama ya porini iliyokaushwa kwa moshi, yeye ambaye tangu juzi hakutia kitu tumboni, na kila alipojaribu kusema neno kompyuta iliyozimwa ilivuta pumzi pale mezani.

Kétsia aliogopa vibaya. Yeye ndiye aliyemburuta kijana wa watu hadi Walikale. Akakimbia kumleta Mama Kasika, mganga aliyekimbia vita kutoka hukohuko.

"Mulipoingia mule, mulitaja majina yenu?" Mama Kasika aliuliza kwa sauti ya chini.

"Hapana, Mama. Tulinyamaza. Njo vile kazi yetu inataka."

"Kwetu, mu nyumba ya mufu unaingia ukisema: mimi ni fulani, ninapita tu. Mwenye ananyamaza, wafu wanamuhesabu muntu wao. Ata ukifuta filamu ni bure. Inafaa wasikie jina yake, ku kinywa yake mwenyewe."

"Lakini hawezi kusema tena, Mama!"

Halafu akakumbuka. Kabla ya kila picha waliyopiga nje ya ile nyumba, Jérémie alitangaza: "Sauti, Jérémie, mara ya pili!" Akawasha kompyuta, akatafuta, akalikata lile jina peke yake, akalipandikiza katikati ya ile dakika ya kimya, akafungua spika, na jina likaita ndani ya kimya cha nyumba ya mwindaji, mara moja, mara mbili, mara tatu, mpaka pumzi moja ikajitoa kati ya zile tatu na kupotea.

Jérémie akakohoa. "Maji," alisema. "Nipe maji, dada."

Kétsia akamkumbatia, akalia kwa furaha.

Mama Kasika hakucheka. "Zimebakia mbili," alisema. "Sasa taja yako, mutoto wangu. Haraka!"

Kétsia akafungua mdomo. Hakikutoka kitu.

Akairukia kompyuta. Alipekua picha zote walizopiga, moja baada ya nyingine, akitafuta neno lake hata moja, na hakulipata, kwa sababu kila mahali aliposikika alikuwa amejifuta kwa mkono wake mwenyewe, ili watazamaji wasimsikie msichana anayetoa amri nyuma ya kamera.

"Kétsia!" Jérémie alipiga kelele, akimtikisa mabega. "Kétsia, sema!"

Kwenye spika, pumzi mbili zilizobaki zikaanza kwenda sawasawa, kama za watu waliolala nyumba moja.