Mke wa Nne wa Monari

Mtoto alianza kulia siku ya tatu baada ya kuzaliwa. Kilichomshangaza mama yake si kilio, maana kulia ndiyo kazi ya watoto. Ni kwamba alilia akiwa ameuelekeza uso mlangoni. Ukimlaza kichwa upande wa ukutani, ukitoka kidogo na kurudi unakuta shingo imejipinda kule kule. Priscah akamgeuza, akamgeuza tena, akajiambia labda anafuata mwanga. Lakini jioni mlango ulipofungwa na chumba kikawa giza, uso ulibaki pale pale.

Priscah alikuwa na haki ya kuogopa. Alikuwa amezika watoto watatu pale Oyugis, wote kabla ya kuota jino, na huyu wa nne alikuwa hajampa hata jina kwa hofu ya kumzoea. Mumewe, Zadock, alikuwa fundi cherehani sokoni, Msabato wa viatu vinavyong'aa, mpole kupita kiasi. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja, na ugonjwa wenyewe ni ukoo. Ndiye aliyekuwa katibu wa Jumuiya ya Wana wa Monari.

Jumuiya hiyo ilianzishwa mwaka wa Uhuru. Wakisii waliokuwa wametawanyika kwa biashara Oyugis, Homa Bay na Migori walikuwa wanaishi kama wageni, kila mtu na duka lake na shida zake. Zadock akaanza kuwauliza: baba yako ni nani, na aliyemzaa ni nani, na aliyemzaa huyo je? Majibu akayaandika kwenye daftari kubwa la jalada jeusi. Wauza vitunguu wawili waliokuwa wakitukanana sokoni miaka sita waligundua kwamba babu yao ni mmoja, wakakumbatiana wakilia mbele ya wateja. Kule Migori kijana na msichana waliokuwa karibu kuoana wakaambiwa mapema kwamba ni ndugu. Watu walilipenda daftari lile jamani. Mwenyekiti, Mzee Nyamweya, kaka mkubwa wa baba yake Zadock, alikuwa akisomewa majina huku amefumba macho, akisahihisha.

Palikuwa na mahali pamoja tu palipogoma. Mzee Nyamweya alisema Monari, babu wa mababu, alikuwa na wake watatu. Watoto wake walikuwa kumi na mmoja, lakini ukiwagawa kwa mama zao, mmoja anabaki bila mama. Na huyo mmoja, Onsongo, ndiye aliyewazaa kina Nyamweya na Zadock wenyewe.

"Sasa sisi tumetoka tumbo gani?" Zadock aliuliza.

"Andika watatu," mzee akajibu, akainuka kwenda zake.

Mtu mwingine angeandika watatu akalala usingizi wake. Zadock alifunga cherehani siku nne, akaenda mpaka Migori, akamtafuta mganga mmoja mzee wa Kikuria, Bhoke, ambaye babu yake aliwahi kuwapokea watu wa Monari walipohama kutoka bonde la Lambwe. Aliporudi alimsimulia mkewe kwa sauti ya chini. Mbung'o walikuwa wamemaliza ng'ombe, na ugonjwa wa malale ukaanza kumaliza watu. Monari akaamua kuhama. Mke wake wa nne alikuwa analala mchana kutwa, hawezi tena kutembea, na wa kumbeba hakupatikana. Basi wakauzima kwa maji ule moto wa mafigani, wakapanga miti mlangoni kwa nje, wakaondoka. Alikuwa hai, akiwaita. Watoto walifika Migori bado wameziba masikio.

"Jina lake Nyasuguta," Zadock alisema. "Bhoke alikubali niandike. Lakini alisema, 'Usimuite. Huyo hakuzikwa, mwanangu. Mtu asiyezikwa ukimuita, anakuja.'"

"Basi achana naye," Priscah akasema. Wakati huo tumbo lilikuwa kubwa.

"Mama mzima, Priscah! Alizaa, alipika, alichunga. Leo hata jina hana? Daftari langu halitakuwa na shimo."

Akaliandika kwa wino, ukurasa wa mwisho. Wiki hiyo hiyo mtoto akazaliwa, wa kike.

Siku ya tisa ya kilio sauti ya mtoto ilikuwa imebaki mkwaruzo tu, na ziwa alilikataa kabisa. Majirani wakasema lile ambalo kila mtu wa pande zile angelisema: kuna mtu wa zamani anataka jina. Tajeni majina ya waliokufa, moja moja, na akinyamaza mtajua ni nani. Zadock alikuwa Msabato, lakini alikuwa baba pia. Alifungua daftari akasoma. Alisoma tangu mchana mpaka jua likaegemea, Mong'ina, Bonareri, Nyanchama, wanawake wote wa ukoo mzima, na mtoto akalia juu ya kila jina. Mwishowe kidole chake kikasimama.

"Soma," Priscah akasema.

"Limebaki lile moja."

"Mtoto anakufa, Zadock."

Zadock akalifunga daftari. Basi Priscah, ambaye alikuwa amelisikia jina lile mara moja tu, alilisema mwenyewe. "Nyasuguta."

Mtoto akanyamaza. Priscah alicheka huku machozi yanamtiririka, akamshukuru Mungu kwa sauti, akamkumbatia mumewe, na majirani wakapiga vigelegele.

Kwa wiki moja hapakuwa na nyumba yenye furaha kama ile. Mtoto, sasa akiitwa Nyasuguta, alinyonya na kulala. Kisha akawa analala zaidi kuliko kunyonya. Kisha akawa analala tu, jua likiwaka, kuku wakipiga kelele, hata akifinywa. Hospitali ya misheni walimpima damu mara mbili, wakasema hakuna mdudu wa malale ndani yake, mtoto ni mzima. Mtoto mzima huyo alikuwa mwepesi kama kikapu kitupu.

Halafu ikaja harufu. Ilianzia jikoni, harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji, na Priscah akadhani ni makaa yake, akayazoa akayatupa mbali, lakini kesho yake ilikuwa chumbani, na keshokutwa ilikuwa kwenye nywele za mtoto. Na jioni moja, watu bado wako barabarani, redio ya jirani inaimba, alikuwa ameketi kitandani akimwangalia mtoto akipumua alipousikia mlango ukisukumwa, taratibu, jinsi anavyosukuma mtu asiye na nguvu, unasukumwa na kuachwa, unasukumwa na kuachwa, akainuka kwenda kuuliza ni nani huko nje, na alipofika katikati ya chumba akaliona komeo likivimba kuelekea uani na mbao zikipinda kuelekea uani, akajua kwamba anayesukuma hayuko nje, yuko humu ndani pamoja naye, amesimama baina yake na mlango, na anataka kutoka.

Mzee Nyamweya alipoitwa hakufika hata kitandani. Alisimama kizingitini akavuta harufu, akavua kofia.

"Nani alimtaja?"

"Mimi," Priscah akasema.

"Mzee, ni jini?" Zadock akauliza. "Tumlete mtu amfukuze."

"Jini ungelifukuza. Huyu ni nyanya yako. Utamfukuza aende wapi, na kwao ni hapa?" Mzee akaketi kwenye kigoda. "Mlifikiri tulimsahau. Dada yangu aliitwa jina hilo. Binti ya dada yangu pia, alilia hivi hivi. Wote walilala, hawakuamka. Ndiyo tukakubaliana tumpite. Si kwa ubaya."

Priscah alikasirika. Wanaume wawili, mmoja anaandika asichopaswa, mwingine anaficha anachopaswa kusema, na katikati yao mwanawe anakwisha. Aliwaambia hivyo hivyo.

Wakamtafuta Bhoke, wakaenda Lambwe watu wazima wanne na mtoto mgongoni. Mahali penyewe palikuwa kichaka cha miiba, nyasi zimefika kiunoni, lakini mafiga matatu yalikuwepo, na duara la udongo ulioinuka palipokuwa ukuta. Bhoke akasimamisha miti miwili ya mlango, akaagiza mingine ilazwe katikati kama ilivyolazwa siku ile. Akawasha moto mdogo kando. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua kali.

"Wewe ni damu yake," akamwambia Zadock. "Toa miti moja moja. Mwambie, mama toka, twende nyumbani. Kisha geuka, tembea. Usiangalie nyuma. Na ndani usiingie, unasikia?"

Zadock akatoa miti. Akamwita. Akageuka akatembea hatua kumi, na wote wakatembea naye. Priscah alimsogeza mtoto ubavuni akamtazama: kope zilicheza, mdomo ukafunguka kama wa kutaka kulia, kisha ukafunga tena.

"Mwite tena," Nyamweya akasema.

Alimwita mara tatu. Mara ya tatu Zadock alisimama. Priscah aliuona uso wake ukibadilika, jinsi ulivyokuwa ukibadilika mezani anapopata jina lililokuwa limempotea.

"Hawezi kutoka," akasema. "Hawezi kutembea. Si ndiyo sababu walimwacha?"

"Zadock, usiende!"

Akaenda. Alipita mlangoni, akainama penye mafiga, akapitisha mikono chini ya kitu wasichokiona, na aliponyanyuka magoti yake yalitetemeka kwa uzito. Hapo hapo mtoto akapiga yowe la nguvu, yowe la mtoto mwenye njaa, na miguu yake midogo ikampiga mama yake mbavuni. Zadock akatabasamu. Akaja mpaka mlangoni na mzigo wake, na mlango ule usio na mbao wala komeo ukamkatalia. Alisukuma hewa kwa bega, taratibu. Akasukuma tena.

"Ni mzito kidogo," akasema. "Ngoja nipumzike." Akaketi chini, akaegemea ukuta ambao haukuwepo, akalala.

Walimvuta kwa mikono, kisha kwa kamba. Wachungaji watano wa ng'ombe walikuja kusaidia, wanaume wa kubeba jahazi la mawe, wakashindwa kumwinua mtu aliyekuwa na kilo sitini. Walikaa naye siku mbili. Alipumua. Wakati mwingine alifumbua macho akaita, "Priscah," akayafumba. Na kila Priscah alipotaka kuingia, mtoto alianza kusinzia mgongoni.

Siku ya tatu Mzee Nyamweya alisema kuna fisi, si vizuri kumwacha wazi. Akairudisha miti mlangoni, mmoja mmoja, kwa nje. Bhoke alikuwa amegeuka upande mwingine. Kisha mzee akachukua kibuyu cha maji, akauzima ule moto.

Priscah alikuwa amemshika mtoto aliyeshiba na kuchangamka. Angeweza kukataa. Angeweza kuketi pale. Alianza kutembea, na walipofika kwenye mteremko akasikia anaitwa, akaziba masikio.

Jumuiya ilikutana mwezi uliofuata. Kabla ya hapo walikuwa wamerudi Lambwe na watu zaidi kumtafuta Zadock, wasikute mtu wala mfupa ndani ya duara, na miti ilikuwa mahali pake. Maiti hakuna, kaburi hakuna, na Priscah hakujua hata kama aitwe mjane. Mzee Nyamweya akaamuru daftari liandikwe upya. Nyasuguta hayumo. Zadock naye hayumo, na jina lake lisitajwe mbele ya mtoto yeyote. Mchungaji akamwombea msichana, akampa jina Jerusha, naye akaambiwa baba yake yuko safarini, basi.

Miaka minne ikapita. Mwaka wa sitini na nane, mke wa mmoja wa Wana wa Monari kule Migori, mwanamke kijana aitwaye Roseline, alijifungua mtoto wa kiume aliyelia siku kumi. Ukoo ukaitwa. Mzee Nyamweya, sasa anatetemeka mikono, alisoma majina ya wanaume kutoka daftari jipya lililonyooka, kurasa zote, na mtoto akalia juu ya kila jina. Priscah aliketi karibu na ukuta, Jerusha sakafuni miguuni pake akichezea kifungo cha gauni. Hakuhitaji kusogea kuona. Shingo ya mtoto ilikuwa imejipinda kuelekea mlangoni.

"Mama Jerusha," Roseline alimlilia, "wewe umekaa na hiki kitabu tangu mwanzo. Hakuna jina limesahaulika? Hata moja? Tafadhali, mama."

Priscah alimtazama Mzee Nyamweya. Mzee alitikisa kichwa, kidogo sana. Priscah alilijua jina, ambalo hakuwa amelitaja kwa miaka minne, na alijua pia lingefanya nini.

"Hakuna," akasema.

Jerusha hakuinua kichwa. Aliendelea kuzungusha kifungo chake.

"Zadock," akasema.

Mtoto akanyamaza.

Roseline alicheka huku machozi yanamtiririka, akamshukuru Mungu kwa sauti, na wanawake wakapiga vigelegele mpaka uani. Priscah peke yake ndiye aliyekuwa akimwangalia mtoto. Kope zilikuwa zinashuka polepole, na jikoni mtu alikuwa akiuliza ni nani ameuzima moto kwa maji.