Gunia la Sandali

Saa kumi na mbili alfajiri, Alhamisi, sisi askari wa kambi ya mpakani tulipanga mstari pekupeku tukingoja sandali zetu. Blanketi la kijana Awet lilikuwa tupu. Nyayo za sandali zake zilipita mbele ya lindo la mzee Tesfu, zikashuka korongoni upande wa Sudan, zikaishia penye alama za magurudumu. Wanaomezwa na korongo lile husikika tena kwenye simu tu, mikononi mwa wauza watu, wakilia ndugu zao wawakomboe kwa fedha.

"Tesfu kamuuza," Kapteni Kiflay alisema. "Saa sita mchana apigwe risasi."

Saa tatu akafika Sajini Letebrhan, mpelelezi wa brigedi, na askari wawili. Mwanamke mfupi, asiyecheka ovyo.

"Ulilala, baba?" alimuuliza Tesfu.

"Nilisinzia, mwanangu. Lindo la watu watatu nimelishika peke yangu siku ya nne. Watu hawatoshi."

Akaletwa Idris, mchunga ngamia wa jirani, kwa mateke, akishukiwa kumvusha Awet. "Sajini, mimi nina ngamia," alilalamika. "Ngamia ana magurudumu?" Tulicheka, kisha tukajuta, maana Tesfu alikuwa kafungwa kamba palepale.

Letebrhan alichuchumaa penye nyayo muda mrefu. Saa sita kasoro robo akatukusanya.

"Sandali zenu hulala wapi?"



"Guniani, chumbani kwangu," kapteni alijibu kwa majivuno. "Hapa hatoroki mtu. Miiba inawatosha."

"Ufunguo?"

"Ninao mimi peke yangu."

"Basi Awet alivalishwa na nani?"

Askari mmoja akamnyang'anya bastola.

"Miaka ishirini na sita niko jeshini," kapteni alisema. "Nikiomba kuachiwa, naambiwa bado nahitajika, mpaka wetu na Ethiopia haujawekwa alama. Binti yangu ataitwa jeshini mwezi wa saba. Wenye magari waliahidi kumvusha salama, mradi niwape wavulana saba."

"Na Awet ni wa saba?"

"Wa tisa."

"Binti amevuka?"

"Bado. Wanasema mmoja zaidi."

"Awet ulimwambia nini?"

"Kwamba namtorosha kwa huruma. Akanigonga bega kwa bega, kama tunavyoagana kwetu, akanishukuru."

Loo! Mtu mzima huyu, tumekula naye sahani moja! Nilitamani kumtemea mate.

Tesfu akafunguliwa. Tulidhani atapiga magoti ashukuru Mungu, maana zilibaki dakika chache tu. Wapi! Alimwendea kapteni akichechemea, mikono imevimba kwa kamba.

"Mwanangu Habteab alikuwa hapa kabla yangu," alisema taratibu. "Waliniambia alitoroka. Mama yake wakamfunga kwa ajili hiyo, akafia ndani. Mrefu, ana kovu kwenye nyusi. Alikuwa wa ngapi?"

Kapteni alimtazama, akakunja uso akijitahidi kweli kukumbuka.

"Sikuwauliza majina," alisema.