Ngata ya Ulezi

Katika nyumba ya Mama Anisia, pale mtaani Nyahanga, kila mtoto aliijua sheria hii: kapu la mama haliguswi bila ruhusa.

Jumamosi asubuhi, mama akiwa sokoni, Anisia aliitafuta ngata yake asiione. Akafungua kapu. Ndani mlikuwa na kifuko cha kitambaa, mviringo, kilichojazwa ulezi. Akakiweka kichwani chini ya ndoo, akaenda bombani.

"Tazameni, mwenzetu ana ngata ya kifalme!" Kudra, rafiki yake, alimtania. Anisia naye alicheka. Lakini njiani ndoo iliyumba, kifuko kikaanguka, mshono ukafumuka na ulezi ukamwagika matopeni. Akakificha kitambaa nyuma ya banda la kuku.

Alasiri mama alipekua kapu mara tatu. "Anisia, umekiona kifuko changu?"

"Sijakiona, mama. Labda panya."

Mama aliketi kitandani. "Basi leo siendi mazoezi ya kwaya. Wamenitazama vya kutosha."

Anisia alichanganyikiwa. Kwaya na ngata vilihusianaje? Mama aliyepona saratani ya titi aache kuimba kwa ajili ya ulezi kidogo? Alitoka nje, akarudi, akatoka tena. Mwishowe akakileta kile kitambaa kichafu. "Nisamehe, mayu, mama yangu. Ni mimi. Nilidhani ni ngata."

Mama hakupaza sauti. "Daktari aliondoa uvimbe, akaniachia titi. Baada ya mionzi, upande huu ulibonyea. Kifuko hicho hukaa ndani ya sidiria ili blauzi ya kwaya inikae sawa; sokoni najitanda khanga. Mwezi ujao nitarudi Mwanza, daktari ajaze pengo kwa mafuta ya tumboni mwangu."

"Lakini umepona! Umbo lina kazi gani?"

"Kupona ni pamoja na kusimama mbele za watu bila kujikunyata. Hayo si majivuno. Sasa, leo huchezi. Utakishona upya."

Anisia alichukua kitambaa safi na ulezi mwingine, akashona. Mama akafumua. "Kikubwa mno." Akashona tena. "Mshono unakwaruza; ngozi yangu hapa ni laini." Cha tatu kilimkaa vema. Mama akajitazama kiooni, akanyoosha blauzi.

"Adhabu umeitumikia," alisema. "Usichokijua, ukiulizie. Ulichokiharibu, ukiri siku ileile, kabla hujamsingizia panya."

Akachukua kitabu chake cha nyimbo, akaenda mazoezini.