Mtazamaji wa Tano

Jumatatu ile waliingia watu wanne, maoni yakatoka matano.

Kwanza Ibtihal hakujali. Kazi yake katika jumba la sinema pale Maskat ilikuwa kuwauliza watazamaji wameonaje. Alisimama mlangoni mwa ukumbi mpya, ule wenye viti vinavyotikisika, upepo unaovuma usoni na mtambo wa kutoa harufu. Filamu ikimalizika aliwapa watu tableti wajibu: picha ilikuwaje, sauti ilikuwaje, utarudi au unaona bora kuangalia nyumbani? Wengi walijibu kwa mkato. Miwani ya 3D inaumiza kichwa. Kiti kimenimwagia bisi. Baridi mno. Mbele yangu kulikuwa na watu wameshika simu mwanzo mpaka mwisho, sasa wamekuja kufanya nini? Mzee mmoja wa mtaa wa Darsait aliandika kwamba mjukuu wake alishamwonyesha filamu hiyo hiyo kwenye simu wiki iliyopita.

Maoni ya tano yalikuwa mafupi. "Safu H, kiti namba 9. Picha safi. Zimeni taa mapema zaidi."

Onyesho lilikuwa la saa tano asubuhi. Watu wanne wale walikuwa mume, mke na watoto wao wawili, na Ibtihal mwenyewe ndiye aliyewaonyesha viti vyao, safu D. Tableti haikutoka mkononi mwake ila kwa hao. Akadhani mmoja wa watoto amecheza.

Jumanne waliingia wawili, maoni yakatoka matatu. Jumatano ukumbi ulikuwa na mtu mmoja tu, mwanafunzi aliyelala usingizi tangu katikati ya filamu, na maoni yalikuwa mawili. "Safu H, kiti namba 9. Huyu wa leo amelala. Nimemkaribia na hakuamka."

Akaenda kumwonyesha Loai, fundi wa projekta, ambaye wazee wake walirudi Oman kutoka Bujumbura. Loai alicheka.

"Mtu anakuchezea, dada. Neno la siri la tableti hiyo wanalijua wafanyakazi wote."

"Njoo tukiangalie kiti."

Waliingia pamoja, taa zote zikiwa zinawaka. Kiti namba 9 kilikuwa kama vingine, chekundu, kipya. Lakini Loai aliinama, akanusa, akaacha kucheka. Alikwenda ukutani, akafungua kifuniko cha mtambo wa harufu, akasimama akiutazama.

"Humu mna chupa nne," alisema kwa sauti ya chini. "Maua, bahari, moshi na mvua. Na zote nimezifunga tangu jana."

"Unasikia harufu gani?"

"Nywele zinaungua. Wewe husikii?"

Ibtihal alikuwa akiisikia. Walitoka bila kugeuka nyuma, na Loai akafunga mlango kwa ufunguo ingawa onyesho lilikuwa limebakisha nusu saa kuanza.

Alhamisi yalikuja maoni marefu. "Safu H, kiti namba 9. Mtoto wa safu F ameshtuka mara tatu. Moyo wake unapiga vizuri. Wengine wote macho kwenye simu. Mnawaletea picha nzuri namna hii na hawaangalii. Nileteeni mtu anayejua kuangalia."

Ibtihal alimpelekea meneja, Taimur. Taimur aliyasoma, akafuta, akamwambia aache maneno ya kuwatisha wateja, kwani Jumapili ni asubuhi ya wazee: wataingia bure, na maoni yao yanatakiwa makao makuu.

Habari ya asubuhi hiyo ya wazee Bi Mahfudha, mama yake Ibtihal, alikuwa ameshaisikia kwa majirani. Walikaa Al Amerat, ng'ambo ya milima, nyumba moja na kaka yake Ibtihal, Yaarub, na watoto wa Yaarub watatu. Bi Mahfudha alikuwa na miaka sabini na sita. Mara ya mwisho kuingia sinema alikuwa msichana, Unguja, na hata leo angeweza kukusimulia nani alikaa wapi na nani alilia.

"Mimi nnakwenda," alisema. "Miaka yote wewe unafanya kazi huko, hata siku moja hujanchukua."

"Mama, viti vinatikisika. Vitakuumiza mgongo."

"Mgongo wangu mimi ndiye nnayeujua."

Ibtihal hakumwambia habari ya kiti namba 9. Mama yake alikuwa na presha, na hofu yenyewe ukiisema mchana haina sura. Jumapili alikwenda mapema, akafunga safu nzima ya H kwa kamba, akamkalisha mama yake safu C, akakaa ubavuni mwake.

Taa zilizimwa. Wazee wengine walinong'ona, wengine waliwasha simu kuwaonyesha wajukuu, lakini Bi Mahfudha alivaa miwani yake ya 3D akazama. Jiwe liliporuka kutoka kwenye skrini aliinama, "Mwana wee!" Mbwa wa kwenye filamu alipokufa alilia waziwazi, machozi yanapita chini ya miwani. Ibtihal alimtazama zaidi ya alivyotazama filamu. Hakuwa amemwona mama yake na furaha kama hiyo tangu baba yao afariki.

Kisha mzee mmoja nyuma yao alibanwa na kiti, akaita. Ibtihal aliinuka kwenda kumsaidia. Hazikupita dakika tatu. Aliporudi, kiti cha mama yake kilikuwa kitupu, na ile harufu ya nywele zinazoungua ilikuwa imejaa ukumbini kiasi cha wazee kukohoa, akaanza kupapasa safu baada ya safu gizani huku akiita kwa sauti ndogo, "Mama, mama," mpaka skrini ilipong'aa kwa nukta moja na akaiona kamba ya safu H imelala chini na mama yake ameketi kiti namba 8, wima, mikono mapajani, ameinamisha kichwa kidogo upande wa kiti namba 9 kama mtu anayenong'onezwa.

"Mama, twende."

"Nyamaza," alisema Bi Mahfudha. "Tunaangalia."

Alimtoa kwa nguvu. Njia nzima ya kurudi Al Amerat Bi Mahfudha hakuvua miwani, na nyumbani alikataa chakula, akakataa dawa ya presha, na adhana ya adhuhuri ilipoita, mwanamke ambaye hajapitwa na sala maisha yake, hakuinuka. Alivuta kiti chake akakigeuza kuelekea ukuta mweupe wa sebuleni, akakaa akiuangalia. Mara alicheka. Mara alijipiga paja. Mara aligeukia upande wake wa kulia, ambako hapakuwa na mtu, akauliza kwa upole, "Na huyu ni nani?" kisha akatikisa kichwa kama aliyejibiwa. Yaarub alijaribu kumvua miwani, akaikuta nguvu ya mama yake si ya mwanamke wa miaka sabini na sita. Alisukumwa mpaka mlangoni.

"Mpigie Bi Sayyida," alinong'ona Yaarub, amejishika bega. "Mpigie sasa hivi."

Bi Sayyida alikuwa mwalimu wa Kurani wa Darsait, mwanamke mfupi mwenye miwani minene, ambaye watu walimwita kwa mambo wasiyopenda kuyasema kwenye simu. Alifika alasiri. Aliwaambia watoto wapelekwe kwa jirani, akafunga mapazia, akafukiza ubani, akakaa mbele ya Bi Mahfudha na kuanza kusoma. Hakupaza sauti. Alisoma mpaka jasho lilipoanza kumtoka Bi Mahfudha, ndipo akanyoosha mkono, akaivua ile miwani taratibu.

Ibtihal aliziba mdomo. Ndani ya mboni za mama yake picha zilikuwa zikitembea, ndogo, zenye rangi, zinabadilika, kama skrini mbili.

"Nani wewe?" aliuliza Bi Sayyida.

Sauti iliyojibu ilipitia kinywa cha Bi Mahfudha, lakini ilitoka mbele na nyuma na kwenye pembe zote za chumba kwa pamoja, kama spika za ukumbini.

"Mtazamaji."

"Umetokea wapi?"

"Sikutokea popote. Nilikuwa bondeni pale kabla hawajachimba msingi. Wakajenga chumba kisichoingia jua, wakaleta watu, wakazima taa, wakanyamaza. Nikakaa nao. Kisha huyu," na macho yenye picha yakamgeukia Ibtihal, "akaniuliza ninaonaje."

"Hakukuuliza wewe."

"Aliuliza kila aliyekaa."

"Mwache bibi wa watu. Amekukosea nini?"

"Hakunikosea. Siku hizi watu hawaangalii. Huyu alicheka kwa moyo wote, akalia kwa moyo wote. Nitaangalia kwa macho yake."

"Utatoka," alisema Bi Sayyida.

"Nitatoka. Nitatokea machoni, niondoke nayo."

Bi Sayyida alimgeukia Ibtihal upesi. "Mzibe macho! Mikono yako yote miwili, na usiiachie hata akikulilia! Yaarub, mshike mabega!" Mwenyewe alikamata kidole kidogo cha mguu wa kushoto wa Bi Mahfudha, akasema, "Utatokea hapa," akarudi kusoma, na safari hii alipaza sauti.

Ibtihal aliweka viganja juu ya macho ya mama yake, na papo hapo akahisi chini yake kitu kinasukuma, kama ndege anayetaka kutoka kwenye kitambaa, kisha kikawa cha moto, moto wa sufuria iliyosahauliwa jikoni, na mama yake akaanza kulia kwa sauti yake ya kweli, sauti aliyoijua tangu utoto, "Mwanangu unaniunguza, mwanangu unanipofua, niachie," na Ibtihal akalia naye lakini hakuachia, ngozi ya viganja ikavimba, taa ya sebuleni ikawaka na kuzimika yenyewe, kiti kikatikisika na mtu wake juu yake, na harufu ile ikapanda mpaka ubani haukusikika tena, mpaka Bi Sayyida alipolitaja jina la Mwenyezi Mungu mara ya mwisho na kukivuta kile kidole kwa nguvu zake zote.

Ukawa kimya. Kidole cha mguu kilikuwa cheusi kama mkaa.

Bi Mahfudha alifumbua macho. Yalikuwa macho yake, mekundu, yamechoka. "Nna kiu," alisema.

Viganja vya Ibtihal vilifungwa bendeji wiki mbili. Kazini hakurudi ila kupeleka barua ya kuacha, na Loai alimsindikiza mpaka kwenye gari akamwambia naye anatafuta kazi kwingine. Bi Mahfudha alirudia sala zake na dawa zake. Watu wa nyumbani hawakumuuliza kitu, kwa kumhurumia.

Ni Ibtihal aliyeshindwa kuvumilia. Jioni moja walikuwa wawili sebuleni, na chai mbele yao.

"Mama, siku ile ukutani ulikuwa ukiangalia nini?"

Bi Mahfudha aliutazama ukuta ule mweupe.

"Nyumba hii," alisema. "Tumekaa tunakula, mimi, wewe, Yaarub, na watoto. Kisha sahani moja inaondoshwa na mwenyewe hayupo tena. Kisha nyingine. Na sisi tunaendelea kula kama hatujaona."

"Akabaki nani?"

Mama yake aliweka kikombe chini, akaenda akachungulia uani ambako watoto wa Yaarub walikuwa wakikimbizana, akawaita kwa majina, mmoja mmoja, waingie ndani. Na kila aliyeingia alimshika mkono, akamtazama usoni kwa muda mrefu, ndipo akamwachia apite.